Kwa Mama wa Mpiga Ngoma Kubwa

Kapata, Kolwezi
Jumanne, tarehe 26 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Honorine,

Kabla ya neno lolote, niambie kwanza kikohozi cha mumeo Mathieu kimefikia wapi. Mke wangu Myriam anasema asilale tena karibu na moshi wa jikoni, na mimi naongeza kwamba kikohozi cha wiki tano si cha kutibiwa kwa chai ya mchaichai, aende akapimwe. Na wewe mwenyewe hujambo? Mihogo ya bondeni imesalimika na mvua hizi? Na Numbi, meno yake ya mbele yameshaota, au bado anacheka kwa kuziba mdomo?

Sisi huku Kapata ni wazima. Paa la nyumba yetu linavuja pale pale linapovuja tangu enzi za kampuni ya migodi, na ndoo ile ile inakinga. Myriam amepanda maboga nyuma ya jiko, yamepanda ukuta na kuvuka kwa jirani, na sasa kuna mjadala mrefu kuhusu nani atayala.

Nimeamua kuandika badala ya kukupigia simu. Wiki ile uliponipigia, mtandao ulikatika mara tatu, na kila uliporudi nilikukuta umekasirika zaidi. Maneno yako nayakumbuka kama yalivyo: “Mjomba, mi nilituma mutoto kusoma, sikumutuma kupiga ngoma mu barabara. Umutoe mule!” Mimi nilikuomba unipe muda nikaone kwa macho yangu, kisha nikuandikie kweli yote, tamu na chungu, na neno la mwisho libaki kwako wewe uliyemzaa. Muda ulinipa. Nimeona. Sasa nakueleza, na kwa kuwa unajua mjomba wako akianza kueleza hachoki, vuta kigoda ukae.

Nianze na aliyekupelekea habari. Tata Nasoro, mwenye lori, alikuambia kwamba siku ya mazoezi alimwona binti yako Jémima katikati ya barabara na ngoma tumboni, na vijana wanaume wakimfuata nyuma. Ni kweli. Ila hakukuambia kwamba kijana aliyekuwa karibu zaidi nyuma yake, akipuliza tromboni hadi mashavu yakavimba kama maandazi, ni Karim, mwana wake mwenyewe wa kumzaa. Muulize atakapokukabidhi barua hii. Umwangalie usoni.

Kile alichokiona kinaitwa fanfari. Kwa kuwa ulikulia Sandoa hukuwahi kuizoea, lakini sisi wa mji wa kampuni tulilelewa nayo. Ni kundi la watu wenye tarumbeta, tromboni, filimbi na ngoma, wanaopiga muziki huku wakitembea kwa safu. Ugumu hauko katika kupiga, wala hauko katika kutembea. Uko katika kufanya yote mawili pamoja, watu thelathini, bila mmoja kumkanyaga mwenzake kisigino. Na anayewaunganisha si yule kijana wa mbele mwenye fimbo; huyo anapendeza tu. Anayewaunganisha ni ngoma kubwa. Kila inapolia, mguu wa kushoto unashuka. Ngoma ikichelewa, wote wanachelewa. Ikiharakisha, wote wanaharakisha, hata kama hawataki. Shika hilo, maana shida yetu yote imetoka hapo.

Jémima aliingiaje humo? Utakumbuka alipofika kwetu Septemba alikuwa haongei. Chuoni ilikuwa vibaya zaidi. Ukumbi wa mwaka wa kwanza una wanafunzi mia sita. Anayechelewa anasikiliza somo akiwa dirishani. Alikaa wiki tatu bila mtu yeyote kumwita kwa jina lake. Alikuwa akirudi, namuuliza, “Leo ulisoma na nani?” ananijibu, “Na daftari, nkambo,” maana kwake mimi ni babu.

Siku moja alipita nyuma ya jengo la maktaba akaikuta fanfari inafanya mazoezi, akasimama. Mkuu wao ni kijana anayeitwa Mechack, wa mwaka wa tatu wa uhandisi, mwembamba kama ufito, na filimbi haimtoki shingoni. Akamuuliza, “Weye bleu, unajua kupiga nini?” Bleu ndilo jina wanalowapa wanafunzi wapya wote. Jémima akajibu, “Sijui kupiga kitu. Najua kubeba.” Wote wakacheka. Lakini mpigaji wa ngoma kubwa alikuwa amemaliza masomo, na wavulana walikuwa wanaikimbia ile ngoma kwa sababu ya uzito wake. Binti yako akaiinua kwa mkono mmoja, akajifunga mikanda, akauliza, “Niende nayo wapi?” Kicheko kikakatika hapo.

Sasa nifike kwenye shida. Mkono wake ni mzuri. Anapiga safi, kwa nguvu, bila kupoteza hesabu. Miguu ndiyo iliyokuwa na neno. Alikuwa akianza vizuri, lakini kadiri mwisho wa njia ulivyokaribia alizidi kuharakisha, na ngoma ikaharakisha naye, na fanfari nzima ikaharakisha nyuma yake. Mazoezi ya kwanza yaliisha wakiwa wanakimbia. Vijana wa tarumbeta walikosa pumzi. Karim akapiga kelele: “Jémima, tunaenda wapi kabisa? Lori ya baba imetuacha?” Tangu siku hiyo wakamwita Express.

Mechack ni mkali lakini si mwonevu. Alimwambia mbele ya wote kwamba atampa wiki tatu. Siku ya sherehe rasmi ya kufungua mwaka wa masomo fanfari hutembea, wenyewe wanaita défilé, kutoka mzunguko wa barabara kuu hadi lango la chuo, na watu wa mji hujaa kando kutazama. Kama ngoma ingekimbia siku hiyo, ingepewa mvulana mwingine, Baudouin, na Jémima angetoka. Si kwamba angepewa kazi nyingine, angetoka.

Alikuja akaniambia haya mezani, na machozi yakaangukia mchicha. Nilimuuliza kama kweli anaitaka hii fanfari au anaona tu aibu kufukuzwa. Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo lilinipendeza. Akasema, “Nkambo, kule wananitania. Huku kwingine hakuna hata wa kunitania.”

Basi nikaanza kumfundisha, mimi niliyefundisha miaka thelathini na nne. Nilichora mistari kwa chaki barazani. Nilimpa saa yangu ya ukutani aisikilize. Nilimhesabia moja-mbili hadi nikakauka koo. Siku tano, na hakuna kilichobadilika. Myriam alikuwa akitutazama akichambua maharage, mwisho akashindwa kunyamaza: “Mwalimu, unafundisha mutu kutembea na chaki? Angalia miguu yake basi. Ule mutoto anabeba muhogo.”

Honorine, nilikaa chini. Mke wangu aliona kwa mara moja jambo nililolikosa kwa siku tano, na wewe utalielewa haraka kuliko mimi. Tangu ana miaka tisa umemtuma kutoka shambani hadi sokoni, na kitunga cha muhogo kimefungwa mgongoni, katika mstari wa kina mama. Mzigo ule ukishautua njiani huwezi kuuinua peke yako, kwa hiyo hakuna anayetua. Anayechelewa anasukumwa na wa nyuma yake. Na soko likishaonekana, miguu yenyewe huongeza mwendo, kwa sababu uzito hausikii ahadi, unataka kufika. Jémima alipofungwa ngoma tumboni, mwili wake haukuona ngoma. Uliona mzigo. Aliposikia hatua za Karim nyuma yake, alisikia kina mama wa Sandoa wakimwambia, tembea, mwanangu, tembea. Kosa lake, ukitaka kulitafutia chanzo, umelifundisha wewe mwenyewe, na ulifanya vizuri.

Dawa nayo tuliipata bila kuitafuta. Jumapili ile tulikuwa tunatoka kwenye mashine ya kusaga, mimi mbele na goti langu hili linalouma, yeye nyuma na unga kichwani. Barabara ndefu, jua kali, mzigo mzito, na nyumbani panaonekana. Nikageuka. Alikuwa hatua mbili nyuma yangu, wala hasogei zaidi. Nikapunguza mwendo makusudi, akapunguza. Nikamwambia, “Pita basi, unga ni mzito.” Akanitazama kama niliyesema maneno machafu. “Nkambo, nitakupitaje?”

Hapo nikacheka peke yangu barabarani. Kwetu kijana hampiti mzee njiani bila sababu, na hiyo pia ulimfundisha wewe. Mafunzo mawili ya mama mmoja yalikuwa yanapigana katika miguu ya mtoto, na la pili lilikuwa na nguvu kuliko la kwanza.

Kuanzia kesho yake tulifanya mazoezi kila jioni kabla ya chakula, kati ya nyumba za mstari wetu. Mimi mbele na fimbo yangu, yeye nyuma na ngoma. Mashavu ya watoto wa mtaa yalijaa upepo, kila mmoja anapuliza tarumbeta ya mkono mtupu. Jirani yangu Ngoy, yule mwenye mjadala wa maboga, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya kanisani: “Mwalimu, ni kilio ya nani? Ama unajizika mwenyewe mapema?” Nikamjibu kwamba nikimaliza nitampitia na yeye.

Mkanda wa ngoma ulikuwa unamkata nyonga, hilo nalo lazima nikuambie, kwa sababu niliahidi kusema na chungu. Alikuwa na alama nyeusi pande zote mbili. Myriam alikata kikwembe chake cha zamani cha kitenge akashona mto mdogo wa kuweka katikati, na alama zimeanza kufutika.

Ikafika Jumamosi, siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na barabara inang'aa. Nilisimama na mwavuli wangu kando, kama nusu ya njia, mahali ambapo lango la chuo linaanza kuonekana. Nilichagua hapo kwa sababu nilijua kama kuna balaa, litaanzia hapo.

Walipotokea mzungukoni walikuwa wazuri kupita kiasi. Sitaki kutia chumvi, lakini mama mmoja muuza karanga karibu nami alisimama akasahau mteja wake. Safu zimenyooka, fimbo ya mbele inazunguka, na katikati binti yako, shingo imenyooka, anapiga. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Nikaanza kujivuna.

Kisha akaliona lango.

Balaa nililisikia kabla sijaliona. Mapigo ya ngoma yalianza kusogeleana, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Tarumbeta zikaanza kurukaruka juu yake. Mechack akapuliza filimbi mara moja, mara mbili; lakini filimbi haina maana kwa mtu mwenye mzigo. Nilimwona Baudouin pembeni, mikono mfukoni, anangoja. Na nilimwona Jémima usoni: alikuwa anajua. Alikuwa anajua kabisa, na miguu haimsikii.

Mpwa wangu, mimi si mtu wa kukurupuka. Lakini nilijikuta nimefunga mwavuli na nimeingia barabarani. Nilimpita yule kijana wa fimbo, nikageuza mgongo, nikaanza kutembea mbele ya fanfari ya chuo kikuu kwa mwendo wangu wa goti, na mwavuli mkononi badala ya bakora.

Nyuma yangu ngoma ilijikwaa mara moja. Kisha ikatulia. Kushoto. Kushoto. Sikugeuka. Watu wa kando wakaanza kupiga makofi, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, “Huyu mzee njo mukubwa wao, angalia banamuheshimia.” Mwingine akajibu, “Mwaka huu bameleta wa zamani kabisa.” Hivyo tukafika langoni, mimi, ngoma, na watu thelathini, na hakuna aliyenipita.

Nilipogeuka nilikutana na Mechack. Jasho linamtoka, na mimi nikavua kofia, kwa sababu aliyekosa ni mimi.

“Nkambo, nani alikuita mu défilé yangu?”

“Hakuna, mwanangu. Nilijiita.”

“Umeniharibia.” Akavuta pumzi. “Na umeniokoa. Lakini sasa nifanye nini? Kama ngoma haiendi bila nkambo mbele, utatembea na sisi mpaka lini?”

“Chef, tumupe na yeye koti ya fanfari!” Karim akasema nyuma, na vijana wakacheka.

Jémima hakucheka. Mtoto yule ambaye hakuwa anaongea alisogea na ngoma yake hadi mbele ya mkuu wake, akasema wote wakisikia: “Chef, vyombo si vinarudi ukumbini kule mzungukoni? Turudi tukipiga. Njia yote. Nkambo akae hapa.”

Wenzake waliguna, walikuwa wamechoka na sherehe imeisha. Mechack alimtazama, akayatazama mawingu, akasema, “Safu!”

Nikakaa kwenye benchi kando ya yule mama wa karanga, ambaye alinipa kiganja kimoja bure kwa kuwa alidhani mimi ni mkuu wa chuo. Wakaondoka. Nilichoweza kuona ni migongo tu, baadaye hata migongo ikapotea, nikabaki na masikio. Ngoma ilikuwa inakwenda. Haikukimbia walipokata kona. Haikukimbia kwenye mteremko. Halafu mvua ikashuka, ile ya Novemba isiyopiga hodi, na mji mzima ukakimbilia vibarazani. Nikajua sasa ndiyo mtihani wenyewe, kwa sababu kila mguu duniani hukimbia mvua. Niliinama mbele kana kwamba ningeweza kuishika. Na nikaisikia, mbali, ndani ya mvua. Kushoto. Kushoto. Kushoto.

Nilipowafikia ukumbini nikichechemea, walikuwa wanakamua nguo. Karim alinilalamikia: “Nkambo, tulimulilia! Jémima, kimbia, tunalowa! Ye anatuangalia tu, dum, dum, kama harusi ya askofu!” Mechack alikuwa anatoa maji ndani ya tarumbeta. Akamwambia Jémima bila kutabasamu: “Sasa iko polepole sana. Leo umetutembeza sawa batu ba goti ya kuuma.” Nilitazama pembeni. “Lakini polepole tutaiongeza. Mbio ndiyo ilinishinda.” Kisha akaenda kwenye kamba ya nguo, akatoa koti la fanfari, jekundu la vifungo vya njano, kubwa mno kwake kwa sababu lilishapimwa kwa Baudouin, akamvika juu ya nguo zilizolowa. Baudouin mwenyewe ndiye aliyemfunga kifungo cha juu. Nilimpenda kijana huyo tangu dakika ile.

Sasa chungu iliyobaki. Kwa ajili ya mazoezi amekosa somo moja la vitendo la botania, na jaribio la kwanza la kemia alipata kumi na moja juu ya ishirini. Nilimwambia kumi na moja ni alama ya mtu aliyepita mlangoni kwa ubavu. Tumekubaliana: jaribio lijalo la kemia lisipofika kumi na mbili, ngoma inapumzika hadi alama itakapopanda. Aliandika makubaliano hayo mwenyewe na kuyabandika juu ya kitanda.

Fanfari haimpokei bleu yeyote kwa kudumu bila karatasi iliyosainiwa na mzazi, na mimi si mzazi. Mechack angenikubalia nisaini, aliniambia hivyo, nilikataa. Karatasi imo ndani ya bahasha hii, na Nasoro anarudi Kolwezi Jumatatu. Nilikuomba nikaone kwa macho yangu, basi hukumu yangu ni hii: mwache apige. Jana nilimfuata chuoni kumpelekea mwavuli aliousahau, nikamuuliza mlinzi kama anamjua msichana mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Sandoa. Kabla mlinzi hajafungua mdomo, wanafunzi wanne wasiojuana na mimi walinijibu kwa pamoja, “Jémima? Iko kule.”

Lakini niliahidi kwamba neno la mwisho ni lako, na naliheshimu. Ukisaini, weka jina lako lote, kwa herufi kubwa, maana ataliangalia sana. Ukikataa, usimwandikie yeye, niandikie mimi. Koti nitalirudisha mwenyewe kwa mikono yangu, sitamtuma yeye.

Nisalimie Mathieu kwa heshima zote, na kikohozi chake usikisahau. Nisalimie mama mkwe wako na kina mama wote wa njia ya sokoni. Waambie kazi yao nimeiona inatembea hapa mjini. Numbi mpe busu la utosini kwa niaba ya Myriam, ambaye anakusalimu akiwa kwenye maboga. Mungu akulindie nyumba na shamba, akupe usingizi mwema hata ukiwa na mtoto mbali, na aiongoze kalamu yako utakapoishika.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama nilivyompenda dada yangu aliyekuzaa,

Stany Mwamba, mwalimu mstaafu